Mawe ya Ukuta wa Maombi

Aliyenisimulia kisa hiki kwanza ni binamu yangu Rigzin, majira ya baridi ya 2011, wiki mbili baada ya kuacha kazi ya kuhesabu chui wa theluji. Mkubwa wake wa kazi, Motup, alizaliwa hapa hapa Ladakh, milimani kaskazini mwa India, lakini miaka minne ya chuo ilimfanya atuone sisi na mbuzi wetu kitu kimoja. Bila picha ya chui, mradi wao ungefungwa.

Huko korongoni walikokwenda kuitega, kamera yao, ile inayojipiga yenyewe kitu kikipita mbele yake, ilikosa pa kuegemea. Motup akang'oa mawe matatu yenye maandishi ya dua kutoka kwenye ukuta wa maombi.

"Kaka, hayo hayaguswi!"

"Mawe ni mawe, we mchunga mbuzi. Washa."

Kisha, kama ilivyo desturi ya kazi ile, akatambaa mbele ya kamera kuijaribu, akinguruma kwa dhihaka. Wakashuka.

Walirudi baada ya siku arobaini. Korongo lilikuwa giza mchana kweupe, na nyuma yao kitu kilijiburuta juu ya changarawe. Wakisimama, nacho kinanyamaza.

Wakaifungua kamera: chui hakuwemo hata mmoja. Kila siku kulikuwa na picha moja ya Motup akitambaa, kila siku akiikaribia kamera zaidi. Ile ya asubuhi hiyo ilipigwa saa ileile Motup alipokuwa nyumbani kwa Rigzin, anakunywa chai ya siagi.

"Umenichezea, mjinga wewe," Motup akasema.

Mradi ulifungwa. Rigzin yu hai, anafuga mbuzi. Motup naye yu hai, mjini Leh, na bado anatudharau. Mkewe anasema kila asubuhi huikuta suruali ya mumewe imechanika magotini, na ndani yake mna changarawe.