Kopo Chini ya Msuku

"Robo ya unga wa ulezi?" Muhsini aliuliza, kijiko kikining'inia juu ya mizani. "Mwalimu Hilda, uji wa robo utamshibisha nani?"

"Nipimie tu, Muhsini."

"Kwani una mgonjwa?"

Hilda aligeuza uso kuelekea barabarani. Jua la Bombambili lilikuwa limeegemea mabati, na bodaboda zilikuwa zinarudisha watu makwao. Ndiyo, alikuwa na mgonjwa. Hakuwa mgonjwa wa nyumbani kwake, wala mgonjwa mwenyewe hakumjua aliyemponza.

Hilda ndiye aliyejua.

Yote yalianza kwa mchezo. Mzee Otto, mpima ardhi mstaafu, alikuwa amekusanya watu saba wa Songea katika kundi la simu alilolipa jina Wasaka Makopo. Wenzao duniani huuita mchezo huo jiokashi. Mtu anaficha kopo mahali, anawatumia wenzake namba za ramani, nao wanazifuata kwa simu mpaka walipate. Ndani ya kopo mna kijidaftari cha kusaini na vitu vidogo vidogo vya kubadilishana. Hilda alipata kopo lake la kwanza nyuma ya jiwe huko Lizaboni, akaruka kama mtoto, yeye mwalimu wa hesabu mwenye miaka arobaini na miwili. Wakampigia makofi. Wakala mihogo ya kukaanga kando ya barabara. Alikuwa hajacheka hivyo tangu afiwe na mumewe.

Mzee Otto alikuwa na sheria mbili tu, na alizirudia kama sala. Ukichukua kitu, acha chenye thamani sawa. Na kabla hujaficha kopo, muombe mwenye mahali.

Zamu ya Hilda ya kuficha ilipofika, alikwenda mpaka chini ya mlima Matogoro. Kichakani, pembeni ya shamba la mahindi, akaona mti wa msuku. Katikati ya mizizi palikuwa na chungu kidogo kilichomeguka mdomo. Ndani yake mlikuwa na unga uliogandamana na ushanga mmoja mweusi kwenye uzi. Yeyote aliyekulia Ungoni angejua kile ni chungu cha tambiko. Hilda alikulia Ungoni.

Alijua. Alijiambia hajui.

Aliukung'uta unga. Akaingiza kopo lake la maziwa ya unga ndani ya chungu, likaenea kama lililopimwa. Ushanga akautia ndani ya kopo, uwe zawadi ya atakayetangulia kufika.

"Umemuomba mwenye mahali?" Mzee Otto aliandika kwenye simu.

"Ndiyo," Hilda akajibu.

Neno moja tu.

Aliyetangulia alikuwa Devota, fundi cherehani, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Alichukua ushanga, akapapasa mifuko, akakuta hana cha kuacha. Akacheka. Akaimba palepale wimbo wa kubembeleza mtoto aliofundishwa na bibi yake, beti zote tatu, kisha akaandika kijidaftarini: *Nimechukua ushanga. Nimeacha wimbo.* Akaupiga picha ukurasa ule na kuwatumia wenzake. Wakacheka wote.

Asubuhi aliamka hana sauti.

Haikuwa imekauka. Haikuwepo. Hata mnong'ono haukutoka. Daktari alimulika koo, akasema ni safi kabisa. Sasa ilikuwa wiki ya tatu. Jana yake Hilda alipompelekea ndizi, Devota alitandaza kipande cha kitambaa na kuandika kwa chaki ya kushonea: *Dada Hilda, Mungu akulipe kwa kunijali.* Kisha akamwekea ushanga kiganjani, akaandika tena.

*Uchukue. Jioni ushanga unalia.*

Hilda hakulala. Ndiyo maana leo alilipia ulezi, akapanda bodaboda, akashuka kwenye nyumba ya matofali karibu na lile shamba la mahindi. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa kibarazani akipukuchua mahindi. Majirani walimwita Mama Benigna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Vidole havikusimama. "Wewe ndiye mwenye kopo."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Ruhusa hutangulia, mwanangu. Haifuati nyuma kama mbwa." Lakini hakusema kwa hasira. Alimsogezea kigoda kwa mguu.

Hilda alieleza yote. Unga. Ushanga. Lile *ndiyo* lake kwenye simu. Alipofika kwa Devota akafunika uso kwa kitenge. Mama Benigna alingoja mpaka amalize.

"Alikuwa mtoto wangu wa kwanza," alisema. "Siku nne. Tulimngoja babu yake aje ampe jina, mvua ikamchelewesha njiani. Tukamzika bila jina. Ushanga ulikuwa wa kiunoni mwake. Kila tukivuna ulezi nampelekea unga. Namwambia, kula, mama yupo."

"Kwa hiyo ni... mahoka?"

"Mahoka ni wazee wetu. Wana majina, tunawaita, wanasikia. Huyu nitamwita nani?"

"Mama, mimi sikujua..."

"Ulijua." Alisema polepole, kama anayetoa mwiba. "Mtu akikitaka kitu hujisahaulisha. Hata mimi nimejisahaulisha wiki tatu hizi. Sikiliza."

Mahindi yakanyamaza kwenye ungo.

Upepo ulipita shambani. Jogoo wa jirani aliparura mchanga. Halafu, kutoka kule kichakani...

Wimbo.

Ilikuwa sauti ya Devota. Ileile, nyembamba na safi, iliyokuwa ikijaza kanisa. Lakini maneno yalitafunwa. Yalikatwa nusu, yakalambwa, yakarudiwa. Kama mdomo usio na meno.

Hilda aligeukia kichakani.

"Wiki ya kwanza alikuwa anaguna tu," Mama Benigna alinong'ona. Macho yake yalilengwalengwa na machozi. "Sasa amebakiza ubeti wa mwisho. Akiumaliza, ni wake."

"Na hukumzuia, mama?"

"Ningemzuiaje? Miaka hamsini sijamsikia."

Hilda hakuwa na la kumlaumu. Aliinuka. "Nimnyang'anye?"

"Mtoto hanyang'anywi, mwanangu. Hujawahi kulea? Mtoto anabadilishiwa. Mpe kitu ambacho hana."

Njia ya kwenda kwenye msuku ilikuwa fupi. Hilda aliiona ndefu. Kadiri alivyokaribia, harufu ilimjia puani. Haikuwa ya majani wala udongo. Ilikuwa harufu ya maziwa... maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo.

Wimbo ulikoma.

Kopo lilikuwa limetolewa kwenye chungu na kufunuliwa. Kijidaftari kilikuwa wazi, na chini ya mwandiko wa Devota palikuwa na michoro ya mkaa. Viduara. Vijiti. Mistari iliyopinda. Alifunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Zote zimejaa. Ilikuwa kama daftari la mtoto wa darasa la awali anayejitahidi kuandika jina lake na hajui linaanzia wapi.

Hilda alipiga magoti. Akarudisha ushanga ndani ya chungu. Akamwaga ulezi.

"Nisamehe," alinong'ona. "Mahali ni pako. Nilipaswa kuomba."

Akapangusa unga uliobaki mdomoni mwa chungu.

Kisha, karibu kabisa na sikio lake, ubeti wa mwisho ukaanza. Mstari wa kwanza ulitoka bila kukosea. Mstari wa pili pia.

Unga haukutosha. Ulikuwa wake tangu zamani, na ushanga ulikuwa wake. Aliyerudishiwa mali yake hajapewa kitu. Hilda aliitazama ile michoro ya mkaa, akaelewa kitu gani mtoto huyu hana.

Alichukua kalamu. Aliandika kwa mwandiko wa ubaoni, herufi moja moja, ili hata anayejifunza aweze kusoma.

*Nimechukua wimbo. Nimeacha jina langu. Hilda.*

Ubeti ukakatika katikati.

Kitu kikapumua karibu na goti lake. Kikajaribu, kwa sauti ngeni, ndogo, isiyo ya Devota wala ya mtu yeyote.

"Hi... Hi-li-da."

Hakumbuki alivyofika barabarani. Anachokumbuka ni simu ikitetemeka mfukoni, na sauti ya Devota ikilia na kucheka kwa pamoja.

"Dada! Nimeongea! Unanisikia? Nimeongea, da..." Akasita. "Jamani. Jina lako limenitoka. Furaha hii itaniua!"

Hilda alitaka kumweleza kila kitu usiku uleule. Alimwambia apumzike.

Jumapili Devota alitoa shukrani kanisani, akamtaja daktari, akamtaja na "yule dada yangu aliyenihangaikia". Hilda aliinamisha kichwa benchi la nyuma. Alimwandikia Mzee Otto ukweli wote, kwamba alidanganya, kwamba kopo lile lifutwe kwenye ramani. Jibu lilikuja la upole: *Asante kwa kusema. Wote hukosea. Samahani, namba hii ni ya nani?*

Muhsini naye siku hizi anampimia ulezi huku amekunja uso. "Mwalimu... mwalimu nani vile?"

Anamwambia. Wiki inayofuata anauliza tena.

Devota bado hajui. Mara tatu Hilda amefika mpaka mlangoni pa chumba chake cha cherehani, akasikia wimbo ndani, akageuka. Ila ulezi haachi kuupeleka. Juzi alikuwa anashuka kwenye bodaboda wakati kina mama wanaita watoto waoge. Mama Benigna alikuwa amesimama uani, mikono kinywani, uso ukielekea kichakani, na uso huo, kwa furaha, ulikuwa kama wa mwanamke kijana.

"Hilda! We Hilda!"

Hilda alifungua mdomo kuitika.

Kutoka chini ya msuku, mwingine akawahi.

"Abee, mama."