Chuma Kipya cha Vitumbua

Siku hiyo kibarazani walikuwepo Zamda, mama yake, Fundi Kibwe mshona viatu, na Mashaka, mtoto wa nyumba ya pili.

Na chuma kipya cha vitumbua. Kiling'aa mpaka Zamda akaona meno yake ndani.

Mama alikuwa ametoka kufanya kazi mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Sasa alitaka kuuza vitumbua, ili kila siku alale nyumbani na Zamda.

"Vikikataa, mwanangu, nitarudi mkongeni."

"Havitakataa," alisema Zamda.

Mama akamimina rojo la mchele. Chwaaa, yakalia mafuta.

Akageuza kitumbua. Juu kikaja, chini kikang'ang'ania. Kikavunjika.

Mashaka akacheka. "Zamda, hivi ni vitumbua au makombo?"

"Ni vitumbua. Vinajifunza."

"Nipe mimi," alisema Fundi Kibwe. "Meno yangu yanapenda vitu vilivyokwisha kuvunjika."

Akala yote. Akashukuru kama mtu aliyekula pilau.

Jioni Zamda akachukua majivu. Akasugua chuma. Kwaru, kwaru, kwaru. Kikang'aa tena.

"Chekeni tu," alisema Zamda. "Kesho tunakaanga tena."

Kesho yake, chwaaa, yakalia mafuta. Vitumbua vikang'ang'ania.

"Makombo tena?" aliuliza Mashaka.

"Yalete," alisema Fundi Kibwe.

Jioni Zamda akasugua. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Chekeni tu. Kesho tunakaanga tena."

Ikawa hivyo leo, ikawa hivyo kesho.

Jioni moja mama akatoa begi lake. Akaanza kukunja nguo, moja moja.

Zamda akaja. Akakaa juu ya begi.

"Zamda, toka hapo, mama."

"Sitoki. Kesho tunakaanga tena."

"Unga umebaki kidogo tu."

"Basi tutakaanga hicho kidogo."

Akakaa. Akakaa. Akasinzia palepale juu ya begi, na mama akamfunika khanga.

Asubuhi Zamda akashtuka. Hakusugua chuma! Kilikuwa cheusi, kimejaa mafuta ya jana.

Akakimbilia majivu.

"Acha," alisema mama. "Moto umeshakolea."

Chwaaa, yakalia mafuta.

Mama akageuza kitumbua kwa kijiti. Telele! Kikateleza chenyewe. Kizima. Cha mviringo.

Mama akatazama chuma. Zamda akatazama chuma.

"Kumbe hakitaki kung'aa," alisema mama polepole. "Kinataka mafuta yake."

Zamda akainamisha kichwa. "Mimi nilikuwa nakisugua mpaka mafuta yote yanatoka."

"Ulikuwa unanisaidia. Hata mimi sikujua."

Kitumbua cha kwanza kikaenda kwa Fundi Kibwe.

"Hiki kizima," alisema, "nitakitafunaje mimi?"

Lakini alikitafuna.

Mara Mashaka akaja na sahani. "Mama anauliza, mna vitumbua?"

"Tuna makombo," alisema Zamda.

Mashaka akaangalia miguu yake.

Zamda akamwekea vitumbua sahanini. Akachagua vilivyoiva vizuri.

"Na kesho uje," alisema. "Kesho tunakaanga tena."

Usiku mama na Zamda walilala kitanda kimoja. Mikono ya mama ilinukia iliki.

Lile begi halikwenda mkongeni. Siku hizi mama hubebea mchele wa vitumbua.