Mgeni Hajanawa

Mwenye sahani aimalize kwanza. Anawe, ajifute, akae vizuri, maana habari hii haisikilizwi na mtu mwenye tonge mkononi.

Ilianza na sahani. Jenista alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto waliodhoofika kwa kukosa chakula, katika hospitali moja pale Tunduma, juu kidogo ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mchana huo aliacha ugali na maharage yake kwenye chumba cha wauguzi, akavifunika kwa sahani nyingine, akaenda kumbadilishia shuka mtoto aliyetapika. Aliporudi akafunua. Sahani ilikuwa nyeupe. Haikuwa sahani ya mtu aliyekula akaacha mchuzi na punje mbili tatu. Ilikuwa imerambwa mpaka ikakauka, na kifuniko kipo juu yake vile vile alivyokiweka.

Alidhani ni Felista, mwenzake wa zamu.

"Mimi nile makombo yako?" Felista alisema. "Nimetoka kula chapati kwa mama wa getini, hapa nilipo napumua kwa shida. Sema umekula mwenyewe, dada Jeni, hakuna anayekucheka. Tena afadhali ule. Umerudi kutoka Dar umebaki nusu, mpaka najiuliza ile nusu nyingine umemwachia nani. Upepo wa hapa utakuvusha mpaka hadi Nakonde bila pasi."

Jenista alitabasamu kwa sababu hapo ndipo mahali pa kutabasamu. Ndani yake hakukuwa na kitu.

Alikuwa mnene, mnene wa kuheshimika, mpaka siku aliyopiga magoti kumwokota mtoto aliyeanguka kutoka kitandani, na yeye akashindwa kuinuka. Ilibidi akina mama wa wodini waje wamvute. Ndipo akaenda Dar es Salaam. Madaktari wakampasua, pande kubwa la tumbo wakalitoa wakalitupa, wakamwachia kifuko chembamba kama ndizi. Walimweleza kila kitu vizuri: atakula vijiko vichache, atakunywa kidogo kidogo, akilazimisha atatapika. Hawakumwambia kwamba njaa ikiondoka itaondoka na wenzake. Hakuwa tena na hamu, wala hasira, wala kicheko. Alipokwenda Itaka kumwona mama yake, mama alilia kwa kuona mifupa ya mabega, na Jenista akakaa anamtazama analia, kama mtu anavyotazama mvua ya jirani.

Kazini hakumwambia mtu yeyote hali hiyo. Matroni alishamwonya siku aliyoripoti.

"Wodi hii ni ya kubeba watu, Jenista. Kama huli, hubebi. Nikiona umelegea nakuhamishia mapokezi."

Na wodi hiyo ndiyo kitu pekee alichokuwa bado anakitaka, au alichokumbuka kwamba alikitaka. Kwa hiyo kila mchana alikaa mbele ya sahani kubwa kama wenzake, akala vijiko vyake, vilivyobaki akatafuta pa kuvificha.

Sasa, akiwa ameshika ile sahani nyeupe, akaikumbuka siku yake ya kwanza kurudi kazini. Wenzake walimpakulia mlima wa ugali kwa furaha, kisha wakaitwa wodini, akabaki peke yake. Akasikia nyayo ukumbini. Hakuinua kichwa. Mama yake aliwalea hivyo kule Itaka, na sauti yake ilikuwa bado masikioni: mtu akipita unakula, sema karibu, hata kama hakitoshi, hata kama humpendi. Jenista akasema, "Karibu."

Mtu anayepita hujibu. Husema asante, au nimetoka kula, au endelea tu. Huyu hakujibu. Nyayo zilisimama mlangoni, kisha benchi la upande wa pili likalia kama linavyolia mtu akikaa. Alipoinua kichwa hapakuwa na mtu, na yeye hakuwa na nguvu ya kushangaa.

Kesho ya siku hiyo aliyoikuta sahani nyeupe, sahani ikiwa imejaa tena, na viatu vya matroni vinasikika vinakuja, akalisema tena neno lile, safari hii kwa kukusudia, macho chini. "Karibu." Akageukia ukutani. Nyuma yake ukaanza mkwaruzo, kama mwiko unaokwangua ukoko chini ya sufuria, na ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua. Alipogeuka, sahani ilikuwa nyeupe.

"Eh, hapo umekula kama mtu," matroni akasema mlangoni.

Ikawa ndiyo mazoea. Mtu mwingine angekimbia. Jenista alijua kabisa kwamba hilo ni jambo la kukimbia, alilijua kama unavyojua mguu umekufa ganzi kwa sababu unauona umeukalia, lakini woga wenyewe haukuja.

Wodini alikuwamo mtoto anaitwa Ombeni, ametoka bondeni Kamsamba, mama yake alifariki akimnyonyesha. Alilelewa na bibi yake, Bibi Tukuswiga, mwanamke mkavu mwenye maneno machache. Alimleta mtoto akiwa amevimba miguu, nywele zimepauka, hana hata nguvu ya kulia.

"Huyu ndiye aliyebaki, nesi," bibi alimwambia Jenista. "Wengine wote nimewafukia. Huyu akienda, narudi nyumbani kufunga mlango."

Ombeni akaanza kupona. Miguu ikanywea, macho yakafunguka, siku moja akamvuta Jenista mnyororo wa saa akacheka. Jenista alisubiri kitu kijibu ndani yake. Hakikujibu, ila alibaki pale kitandani muda mrefu, akisubiri.

Jioni moja mtoto akagoma maziwa yake ya dawa. Akageuza uso, akabana meno. Jenista alikuwa amechoka, miguu inamwaka, na akafanya kile ambacho kila mama na kila nesi wa huko hufanya kwa mtoto anayekataa kula. Akakiondoa kikombe, akatazama mlangoni, akaita kwa sauti ya mchezo.

"Hutaki? Haya. Njoo wewe, njoo unywe maziwa ya Ombeni. Mwenyewe hataki."

Ombeni akaona ananyimwa, akakidaka kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Akina mama wakacheka. Bibi Tukuswiga peke yake hakucheka. Na ukumbini, nyayo zilizokuwa zinapita zikasimama.

Tangu siku hiyo Ombeni hakukataa tena. Alimaliza kila kikombe, na kila asubuhi akiwekwa kwenye mizani mshale ulirudi nyuma. Daktari alikuja, akapima damu na choo, akabadilisha dawa, akasema wamwangalie.

"Dada Jeni," Felista alinong'ona, "si mizani imeharibika?"

"Haijaharibika. Wenzake wanaongezeka."

"Sasa maziwa yanakwenda wapi?"

Jenista akanusa hewa. Wodi nzima ilikuwa inanuka maziwa yaliyoungua, na jikoni siku hiyo hakuna aliyeunguza kitu.

Jioni iliyofuata umeme ulikatika, ukungu ukashuka mpaka madirishani, honi za malori zikawa zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Jenista akawasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye mto, akampakata Ombeni na kumwekea kikombe mdomoni, na alipochungulia ndani ya kikombe aliona maziwa yanashuka, yanashuka kweli, lakini koo la mtoto halikutikisika, midomo yake ilikuwa imefunguka tu kama ya samaki, na upande wa pili wa kikombe, ule ambao hakuna mtu, ukingo ulikuwa umelowa alama ya mdomo mdogo, kisha pembeni yake ikatokea alama nyingine, na nyingine, na yeye akawa anasikia kumeza, si kwa mtoto mmoja, watoto wengi wanaosukumana pale penye kikombe bila kutoa sauti ila hiyo ya kumeza, mpaka tone la mwisho likaondoka, na Ombeni akafumba mdomo, akalamba hewa.

Jenista akakipindua kikombe juu ya kiganja chake, kikavu. Alikitazama kiganja hicho kama cha mtu mwingine.

"Umeona," alisema Bibi Tukuswiga gizani.

"Nimeona, bibi."

"Uliwaita wewe. Mimi nilikusikia."

"Nilikuwa namtania mtoto tu. Wote tunafanya."

"Wote mnafanya majumbani. Mama mkwe wangu alitukataza tusimtishe mtoto hivyo mahali watoto wanapofia. Alisema wapo wanaosikia. Nikadhani anatubana tu, mzee na maneno yake." Bibi akamchukua mjukuu wake, akamfunga kifuani kwa kitenge. "Na ulisema 'njoo wewe'. Hukutaja jina. Sasa kila mwenye njaa amejua ni yeye."

"Ni majini?"

"Sijui yaitweje. Mchungaji wetu angesema mapepo, angeyakemea. Lakini unamkemeaje uliyemwita kula?" Akakaza fundo la kitenge. "Ni mara ya kwanza wewe kuwakaribisha?"

Jenista akamweleza habari ya sahani. Alieleza kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama anayekabidhi zamu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Walipomaliza kula, uliwanawisha?"

"Hapana."

"Hukuwaletea maji?"

"Hapana, bibi."

"Kwa hiyo hawajamaliza. Mgeni ambaye hajanawishwa yuko mezani bado." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. "Sijui kama itafaa, mwanangu. Ila mtoto huyu hana siku nyingi, na mimi sina kingine."

Mchana wa kesho yake Jenista alijifungia chumba cha wauguzi. Mezani aliweka sahani yake imejaa hadi ukingoni. Sakafuni aliweka jagi la maji, beseni na taulo safi. Hakuonja hata kijiko kimoja.

"Karibuni wote," alisema, na safari hii aliinua kichwa akatazama mlangoni. "Hiki ni changu, kuleni. Kile cha Ombeni sikuwa na ruhusa ya kukigawa."

Benchi likalia. Likalia tena, na tena, kama linaloongezewa watu, mpaka miguu ya benchi ikasogea sakafuni. Mkwaruzo ukaanza. Ulipokwisha na sahani ikawa nyeupe, Jenista akashika jagi, akapiga magoti kama mkwe anavyowapigia magoti wageni wa nyumba, akanyoosha mkono wa kulia juu ya beseni, akamimina.

Maji hayakuanguka. Yaligawanyika hewani, yakazunguka kitu, yakateleza pembeni yake na kuchuruzika kwenye beseni yakiwa meupe, na katika kuchuruzika huko akaviona vidole, vidogo, vyembamba, vya mtoto wa kujifunza kutembea, vinasuguana taratibu kama vilivyofundishwa na mama, na alipoviwekea taulo akahisi uzito wake, uzito mdogo usiopita wa kifaranga, kisha vikaondoka na mikono mingine ikaja, na mingine, na Jenista akamimina na kufuta, kumimina na kufuta, na mikono mingine aliijua, huu ulikuwa na uzi mweusi kwenye kifundo, ule una alama ya mstatili pale plasta ya sindano ya dripu ilipobanduliwa, na plasta hiyo aliibandua yeye, alikumbuka kitanda, alikumbuka jina, Lwitiko wa Galula, aliyefia wodini humo, alikumbuka kwamba siku hiyo alikuwa na haraka na hakumwimbia, na machozi yakawa yanamtoka yenyewe, yanadondokea beseni pamoja na maji, wala hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Jagi likaisha.

Benchi lilikuwa limetulia. Lakini juu ya beseni, katika ile hewa, matone mawili yalikuwa yamening'inia yasianguke, kama yaliyodondokea kwenye viganja vilivyokingwa. Alikuwa amebaki mmoja.

"Ngoja, mwanangu," Jenista alinong'ona. "Nakuletea."

Aliinuka bila kushikilia kitu. Akafungua bomba la sinki, bomba likakohoa, halikutoa. Maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Akachukua jagi, akatoka mbio ukumbini kwenda kwenye tangi la nje, na alipopita mlango wa wodi akamsikia Bibi Tukuswiga anaita kwa sauti iliyopasuka.

"Nesi. Nesi, njoo uone, anameza. Koo linapanda linashuka. Anameza mwenyewe."

Jenista alisimama pale pale. Ndani ya kile kifuko chembamba kitu kikajisokota, kidogo, kama kidole kinachobisha hodi. Alichukua muda kukitambua. Ilikuwa njaa. Nyuma ya njaa hiyo, kwa kuwa mlango wake sasa ulikuwa umefunguka, woga wote wa siku zile ukaingia kwa pamoja, akashika ukuta.

Ndipo akamsikia Felista, kitanda cha dirishani, anambembeleza mtoto mgeni aliyeletwa asubuhi.

"Hutaki? Haya. Njoo wewe, njoo unywe maziwa ya Tabita. Mwenyewe hataki."

Jenista akafungua mdomo. Nyuma yake, kutoka chumba cha wauguzi, nyayo ndogo zilikuwa zimeshatoka, zikampita ubavuni zinakimbia, kama za mtoto aliyecheza mbali siku nzima na sasa amesikia anaitwa kula.