Mipira Kumi na Miwili

Mwili wa Kocha Odyek ulikutwa saa moja asubuhi ndani ya uwanja wa skwoshi wa klabu moja ya Bugolobi. Alikuwa amelala chali chini ya ukuta wa mbele, kisogo kikigusa lile bati la chini ambalo mpira ukiligonga mchezaji hupoteza pointi. Damu ilishakauka. Halimah, mfagiaji aliyefungua mlango, alikuwa bado ameshika ufagio Inspekta Lamunu alipofika.

Akamweleza inspekta alichokijua. Kwa siku tano Odyek alikuwa akiwapima makocha watatu waliotafuta cheti cha daraja la kwanza. Klabu ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia mwezi ujao asiye na cheti hatakanyaga uwanjani kufundisha. Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho: mchana mtihani wa kuandika, jioni kufundisha kwa vitendo.

Lamunu alitazama sakafu kwa muda mrefu. Hapakuwa na mpira hata mmoja. Kikapu kilikuwa kando ya mlango, na ndani yake mipira kumi na miwili. Alivaa glavu, akaigeuza mmoja mmoja. Mitatu ilikuwa na damu.

"Mpira hautoki kikapuni kwenda kujipaka damu," alimwambia mpiga picha wa polisi.

Basi muuaji aliiokota baadaye. Mwizi angekimbia, mlevi angekimbia, hata mimi na wewe tungekimbia. Huyu aliua, kisha akafanya usafi. Jambo hilo lilimsumbua Lamunu kuliko damu yenyewe.

Daktari alisema marehemu alipigwa mara moja kwenye panja kwa ukingo wa raketi, akaanguka na kisogo kikapiga bati. Alikufa mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni. Mlinzi wa lango aliapa kwamba hakuna mgeni aliyeingia. Watahiniwa wote watatu walitoka, lakini mvua ilikuwa kubwa na kila mtu alipita mbio na begi kichwani. Nani alitoka wa mwisho, hakujua. Faili la matokeo halikuonekana.

Mchana huohuo Lamunu aliwaita wote watatu kituoni. Kabla ya kila mmoja kuingia, alimwaga mipira mingine kumi na miwili sakafuni mwa ofisi yake, kikapu kitupu akakiweka kando.

Sadik, mwanafunzi aliyepanga chumba Wandegeya, aliiruka akaketi. Alikiri bila kuulizwa mara mbili kwamba Odyek alimwangusha mtihani mwaka jana na kwamba hakumpenda. Shamirah aliusukuma mmoja kwa kiatu, akavuta kiti, akataja saa aliyofika kwao na jirani aliyemwona.

Wa tatu alikuwa Mzee Fadhul, Mnubi wa Kisugu, mwenye miaka hamsini na minane, thelathini kati ya hiyo akiwa mwalimu katika klabu ileile. Yeye hakukaa. Alichuchumaa, akaokota mpira mmoja mmoja, akaufuta kwa pindo la shati na kuutia kikapuni, huku akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kumi na mbili ndipo akatafuta kiti.

"Kwa nini umeiokota, mzee?"

"Mtu atakanyaga, afande. Atavunjika mguu."

"Na jana jioni? Nani angekanyaga?"

Fadhul alitazama mikono yake.  

"Odyek, yule mtoto, mimi ndiye nilimshikisha raketi," Fadhul alisema. "Alikuja na miaka tisa, hana viatu."

"Ilikuwaje?"

"Wenzangu walienda. Nikamuuliza, nimepita ama sijapita? Akasema, siwezi kukuambia leo, mzee, mpaka kamati iweke saini. Hakuniangalia kwa macho. Karatasi ya mchana niliirudisha nyeupe, afande. Ukuta mimi nasoma, najua mpira utarudi wapi. Karatasi sisomi. Nikajua ameniangusha, na bila huu mchezo mimi ni nani? Mkono ukatangulia."

Wahenga walisema hasira hasara. Odyek alipokosa kuinuka, mzee alipiga magoti akamwita, akamwita tena. Kisha akainuka na kuokota mipira, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka thelathini. Mazoea yana taabu.

Faili alilitupa mtaroni. Karatasi moja ilimshinda kuitupa. Aliitoa kifuani, imekunjwa mara nne, bado ina unyevu.

"Jina langu nalijua," alisema. "Mengine nisomee. Nataka kusikia alisema nini juu yangu."

Ilikuwa kwa Kiingereza. Lamunu aliipitia kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani kumdanganya mshukiwa. Lakini mzee alikuwa ameuliza. Akatafsiri polepole.

"Vitendo: tisini na sita kwa mia. Sijawahi kumpa mtu alama kama hizi. Mtihani wa kuandika: naiomba kamati imruhusu ajibu kwa mdomo. Hajui kusoma, na sikutaka kumwuliza mbele ya wanafunzi wake. Yote ninayoyajua katika mchezo huu nilifundishwa naye."

Fadhul aliomba asomewe tena pale mwisho. Lamunu akasoma. Kisha akaitia karatasi katika mfuko wa vielelezo na kuandika namba juu yake.

"Kwa mdomo," alisema Fadhul. "Kwa mdomo ningejibu yote."

Alinyoosha mikono mbele yake, tayari kwa pingu, na macho yake yakabaki kwenye kile kikapu.