Mbuke na Watu wa Hewani

Kila asubuhi saa mbili, Mbuke alikaa mbele ya redio ya upepo. Nje, akina mama walisubiri na watoto wao mgongoni. Walijua kwamba saa hiyo muuguzi wao anaongea na wenzake.

Ilikuwa mwaka 1976, katika kijiji cha Lyambogo, kwenye tambarare za Usangu. Mbuke na mumewe Seni walikuwa wamehamia huko na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Seni alilima mpunga. Mbuke alifanya kazi katika zahanati ya misheni.

Redio ya upepo si ya kusikilizia muziki. Unabonyeza kitufe, unasema, unamaliza kwa neno "Ova", unakiachia, unasikiliza. Redio hiyo iliunganisha zahanati za misheni za Mbeya na Iringa na hospitali yao kubwa. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa Selestini, karani wa hospitali.

"Lyambogo, Lyambogo! Unanipata? Ova."

"Nakupata vizuri, kaka Selestini. Wagonjwa wachache, mbu wengi. Na Seni kanunua suruali, lakini imemzidi urefu. Ova."

Wenzake wa zahanati nyingine wakacheka. Wengi wao hawakuwahi kuonana, lakini walijuana kwa sauti. Mmoja akiwa na mafua, wote walijua. Seni aliwaita "watu wa hewani".

"Hao watu wako wa hewani wameijuaje suruali yangu?" aliuliza siku moja.

"Upepo umewapelekea," Mbuke alijibu.

Lakini mambo hayakuwa mazuri yote. Zahanati mbili zilikuwa zimenyamaza: Lusaganga na Itundu. Masika ya mwaka huo mama mmoja wa Lusaganga alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Hakuna aliyeita gari kwa redio; alifikishwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe, amelegea kabisa. Alipona kwa shida. Danieli, mganga wa zahanati ya Lusaganga, alisema redio yake ni mbovu. Fundi alipokwenda kuitazama, aliikuta nzima.

Daktari wa hospitali ile alimwita Mbuke hewani. "Dada Mbuke, wewe ni mkongwe katika redio hii. Tuchunguzie. Kwa nini watu hawasemi?"

Mbuke akaona kazi ni rahisi. Kesho yake akauliza hewani, "Ndugu zangu, kuna tatizo gani? Kila mmoja ajibu. Ova."

Wakajibu mmoja baada ya mwingine. "Hakuna tatizo." "Hapa salama." "Salama tu, dada." Lusaganga na Itundu hawakujibu kitu.

Jioni Mbuke alikuwa akichambua mchele uani pamoja na jirani yake, Bi Mwantumu. Bi Mwantumu alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Alitoka Iringa mjini, na wazazi wake walikuwa watu wa pwani. Mbuke alimweleza yote.

Bi Mwantumu akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Mwenzangu! Umewauliza mbele za watu. Nani atasema? Halafu kuna mtu mmoja wa hewani hujamwuliza kabisa."

"Nani huyo?"

"Mbuke."

"Mimi? Mimi ndiye ninayechunguza!"

"Na humo hewani wewe si mgeni. Unaishi humo. Mgeni akija kuchunguza, ataona mambo kwa nje. Wewe unayajua kwa ndani. Basi anza na wewe mwenyewe. Kila asubuhi ukizima redio, andika. Ulisema nini? Ulisikia nini? Ulijisikiaje moyoni, na mwilini? Andika siku hiyohiyo, kabla hujaanza kujipamba kwa maneno."

"Sasa habari zangu zitamsaidia nini daktari?"

"Zikibaki zako tu, hazitamsaidia. Ukishajijua, utakwenda kwa wenzako, mmojammoja. Utawaambia yaliyokupata wewe, kisha utawasikiliza. Huenda yao ni kama yako. Huenda si hivyo hata kidogo. Na habari ya mtu mwingine usiitangaze bila ruhusa yake."

Mbuke akaanza. Mwanzoni aliandika mambo mepesi: nimesalimia, nimeagiza dawa. Bi Mwantumu alikuwa akiyasoma na kutikisa kichwa.

"Hii ni ripoti. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Basi Mbuke akajitazama vizuri. Aligundua kwamba kabla ya kubonyeza kitufe, alikuwa anayasema maneno kimoyomoyo kwanza. Aliogopa lafudhi yake ya Kisukuma. Viganja vyake vilikuwa vinatoka jasho. Alishangaa. Yeye, mkongwe wa redio!

Wiki hiyo sauti moja ikasema hewani, "Lusaganga, vipi? Maiti wenu keshakunywa uji? Ova."

Kicheko kikavuma. Lilikuwa jambo la miezi mingi nyuma. Danieli alitaka kusema mgonjwa wake amekata tamaa. Kwa haraka, ulimi ukateleza. Akasema, "Mgonjwa amekata roho, anaomba uji." Tangu siku hiyo walimwita Mganga wa Maiti.

Mbuke naye alicheka. Kisha akatazama viganja vyake. Vilikuwa vimekauka.

Alimkimbilia Bi Mwantumu kabla hata hajavua koti lake jeupe. "Nimeona! Wakimcheka Danieli, mimi napumua. Najua leo hawatanicheka mimi. Ndiyo maana nacheka kwa nguvu!"

Bi Mwantumu alimshika mkono. "Hilo, dada, hewani wasingekwambia kamwe. Sasa nenda kwa wenzako."

Seni alimpeleka Lusaganga kwa baiskeli. Danieli alipomwona mlangoni, alidhani ametumwa kumkaripia. Alimkaribisha kiti, lakini yeye akabaki amesimama.

"Kamwene," Mbuke alimsalimia kwa Kihehe, kwa lafudhi mbaya sana.

Danieli akatabasamu kidogo. "Kamwene, dada."

Mbuke hakumwuliza kitu. Alimweleza habari ya jasho, na hofu, na kicheko chake. "Nilikucheka, ndugu yangu. Nisamehe."

Danieli akakaa. Akasema polepole.

"Siku ile ya yule mama, nilikishika kipaza sauti. Nikakirudisha. Kicheko ningekivumilia. Lakini nilijua daktari atanihoji, na wote watasikia kila nilichokosea. Nikaona heri mkokoteni." Akafuta macho. "Yule mama angekufa, dada."

"Naweza kumwambia daktari?"

"Mwambie daktari. Hewani usinitaje."

Waliporudi walipitia Itundu kwa muuguzi Tekla. Mbuke alianza tena na habari ya jasho. Tekla akaangua kicheko.

"Mimi niwaogope hao? Hata! Saa mbili ninapima watoto. Nikimwacha mmoja kwenye mzani nikaenda redioni, ataanguka. Mngebadilisha saa, mngenisikia mpaka mchoke."

Njiani Mbuke alisema, "Seni, nilidhani hofu yangu ndiyo hofu ya kila mtu. Kumbe mwenzangu shida yake ni mzani!"

"Basi ni vizuri umefika," Seni alijibu, huku akihema. "Ila kilima hiki shuka, tutembee."

Mbuke alimweleza daktari ana kwa ana, alipokuja na Land Rover kukagua zahanati. Daktari aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba hakuwahi kufikiri jinsi maswali yake yanavyosikika kwa mtu anayesikilizwa na wote. Wakakubaliana mambo mapya. Mazungumzo yatakuwa saa saba. Mtu asichekwe kwa namna anavyosema. Maneno ya Kiswahili yakimpotea, aseme kwa lugha yake, wengine watafasiri. Na mganga akiwa na jambo gumu, aseme kwanza kinachohitajika. Maswali ya lawama yatasubiri waonane.

Siku ya kwanza ya utaratibu huo, Mbuke alisimulia hewani. Hakumtaja mtu ila yeye mwenyewe. Alieleza jasho, hofu na kicheko. Akaachia kitufe. Kisha sauti moja ikasema, "Dada, na mimi natoka jasho. Ova." Nyingine ikasema, "Mimi natetemeka magoti. Ova."

Wiki chache baadaye, saa saba hiyo, sauti ikaingia ikitetemeka.

"Hospitali, hospitali! Hapa Lusaganga. Mama anajifungua, mtoto ametanguliza mkono. Leteni gari. Ova."

Kisha maneno yakamkimbia. Danieli akaendelea kwa Kihehe, harakaharaka. Selestini, naye Mhehe, alimfasiria daktari. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Land Rover ikaondoka, ikapita matope yote, ikamfikisha yule mama hospitali kabla jua halijazama. Akapasuliwa, akapata mtoto wa kike.

Kesho yake saa saba, Danieli akasema, "Watu wa hewani, kamwene! Mama mzima. Mtoto mzima, ana sauti kubwa kuliko redio yangu. Ova."

Wote wakabonyeza vitufe kwa pamoja. Tekla alipiga vigelegele, wengine wakapongeza kwa Kinyakyusa, Kibena na Kisafwa, na Mbuke akapaza sauti kwa Kisukuma bila kuyapanga maneno. Selestini akawaomba waseme mmojammoja. Hakuna aliyemsikiliza.