Maziwa ya Tabutany

Mtoto alikuwa na siku tano tu duniani Metrine aliposhtuka kwamba ni saa saba mchana, maziwa yamemlowesha blauzi, na hakuna aliyeomba kunyonya. Mara ya mwisho alikuwa amemnyonyesha saa kumi na moja alfajiri. Akaenda kumchungulia kitandani. Chelang'at alikuwa macho, ametulia kama mzee aliyeshiba, na pembeni ya mdomo wake palikuwa na tone jeupe. Metrine akalifuta kwa kidole, akanusa. Lilinuka moshi, ule moshi wa mti uliochomwa na kusuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutia mursik, maziwa ya mgando ya huku. Nyumba hiyo haikuwa na kibuyu. Mama mkwe, Rebeccah, aliacha kazi ya vibuyu zamani na kununua maziwa ya pakiti kama watu wote wa Merigi wenye haraka.

Alikuwa binti wa Vihiga aliyeolewa huku kwenye majani chai mwaka mmoja tu uliopita, na bibi arusi mgeni hujifunza mapema kumeza maneno. Isitoshe, kila aliyekuja kumwona mtoto alimsifu. Huyu hasumbui, walisema. Mumewe Kimeli, anayefanya kazi ya zamu kiwandani, aliwatambia wenzake kwamba yeye ndiye baba pekee wa kichanga anayelala usiku kucha. Mtoto asiyelia ni baraka, walisema, na hakuna hata mmoja aliyeuliza baraka hiyo imetoka wapi.

Mambo yenyewe yalikuwa ya mchana. Asubuhi Rebeccah alijifunga kikapu mgongoni akaenda kuchuma, Kimeli akaenda zake, na Metrine akabaki peke yake na mtoto mpaka saa nane, wakati ukungu unaposhuka juu ya mashamba na mvua ya mawe kuanza kujipanga. Ndipo alipokuwa akisikia. Akiwa jikoni anakoroga uji, alisikia kutoka chumbani mkono ukipiga mgongo wa mtoto polepole, pa, pa, pa, na sauti ya mwanamke ikivuma bila maneno, kama mtu anayebembeleza huku midomo ameifunga. Siku ya kwanza alidhani mama mkwe amerudi. Aliingia akakuta kitanda, mtoto na kiti kitupu cha mbao kando ya kitanda. Siku ya pili hakuingia mbio. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi, anaogopa, na anaona haya kwa kuogopa nyumbani kwake mwenyewe.

Mtoto alipofikisha siku nane alikuja Fancy, mhudumu wa afya wa kijiji, na mizani yake ya kuning'iniza. Fancy alikuwa mama wa watoto wanne na hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Alimbinya mtoto ngozi ya paja, akamtazama machoni, akamweka kwenye mizani. Chelang'at alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja. Sasa alikuwa na kilo mbili na mia nane.

"Ananyonya mara ngapi?" akauliza.

Metrine akasema hajui. Akasema mtoto halii.

"Kulia ni ishara ya mwisho, Metrine. Mtoto akisikia njaa anaanza na kugeuza kichwa, anatafuta. Anaramba midomo, anakula ngumi. Ukingoja alie umechelewa. Leo ameloweka nepi ngapi?"

"Moja."

"Siku ya nane inafaa kuwa sita." Fancy alikuwa tayari anatafuta shuka la kumfunika mtoto. "Twende kliniki sasa hivi."

Muuguzi alimpima joto, akamkagua macho kama yana umanjano, akamtazama mdomoni, hakuona ugonjwa. Alimwonyesha Metrine namna ya kumwamsha: mfunue, msugue nyayo, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, kila saa mbili, mchana na usiku. Akikataa, maziwa yakamuliwe kwa mkono na anyweshwe kwa kikombe. Kesho asubuhi arudishwe apimwe, na kama uzito umeshuka hata kidogo, analazwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Alisema haya kwa upole, lakini hakutabasamu, na Metrine alielewa. Mtoto mwenye tumbo lililojaa sijui nini alikuwa anakauka mbele ya macho yake, na alikuwa na usiku mmoja wa kumrudisha.

Walifika nyumbani saa nane na nusu. Ukungu ulikuwa umeshafunga. Fancy alienda kwa mgonjwa mwingine akiahidi kupita jioni, Rebeccah alikuwa bado shambani, na mawe ya kwanza yalianza kugonga bati.

Metrine alifanya kama alivyofundishwa. Alimvua mtoto akabaki na nepi, akafungua blauzi, akamlaza kifuani na kujifunika naye blanketi. Mtoto alikuwa mwepesi, na hilo lilimtisha kuliko maneno ya muuguzi. Akamsugua nyayo. Akamgusa shavu kwa chuchu. Chelang'at alifumbua macho, na macho hayo yakampita mama yake, yakatulia juu ya bega lake, pale penye kile kiti. Kisha harufu ya moshi wa kibuyu ikaja, kwanza nyembamba kama ya nguo ya mtu aliyetoka jikoni, halafu nzito mpaka machozi yakamtoka Metrine, na akaona kishimo kidogo kikididimia kwenye shavu la mtoto, lile la upande wa nje ambalo hakuna aliyeligusa, kama kidole kinavyobonyeza unga, na mtoto huyu aliyekataa kugeuka tangu asubuhi akageuka mara moja, akapanua mdomo kuelekea kitini, akaufunga juu ya hewa tupu na kuanza kunyonya, taya zikienda, koo likimeza, bila pupa, kama mtoto anayelijua ziwa lake, huku mkono usioonekana ukimpigapiga mgongoni, pa, pa, pa, na Metrine akiuhisi kila mpigo ukipita katika ule mwili mdogo na kufika kwenye mbavu zake mwenyewe.

Alimfunga mtoto kwa blanketi akakimbia miguu mitupu katikati ya mvua ya mawe mpaka jiko la nje, ambako Rebeccah alikuwa ameingia kujikinga na kikapu chake nusu. Metrine alimweleza yote kwa pumzi moja. Alitarajia kuambiwa ni uchovu wa uzazi. Rebeccah, mama wa kanisa, mwenye kiti chake cha mbele kila Jumapili, aliuliza kitu kimoja tu.

"Hiyo harufu ni ya mursik?"

Metrine akaitikia kwa kichwa. Rebeccah akakaa chini juu ya kuni.

Kisha akasema. Siku ya pili baada ya mtoto kuja nyumbani, akina mama wa ukoo walikuja kufanya kurenet. Metrine aliikumbuka: wanawake wamezunguka kitanda, wanaita majina kwa Kikipsigis, na ugoro kidogo puani mwa mtoto. Hakuna aliyemfafanulia. Ni hivi: huitwa majina ya waliokufa wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atapigia chafya, huyo ndiye amekuja kukaa naye na kumlinda. Mtoto akilia mno siku zinazofuata, watu hujua jina limekosewa, wanarudi na kuita upya. Lakini Chelang'at alikataa kupiga chafya. Waliita bibi, wakaita mama wa bibi, wakaita mpaka ugoro ukakaribia kwisha. Ndipo Elmina, shangazi yake Kimeli ambaye nyumba nzima humwita senge, akaita jina ambalo ukoo ulikubaliana lisiitwe kamwe. Tabutany. Mtoto akapiga chafya hapo hapo.

Tabutany alikuwa mke mkubwa wa babu yake Kimeli. Alizaa mara tano na hakuna mtoto aliyefikisha mwezi. Baada ya wa mwisho alikuwa akikaa kutwa nje ya nyumba, maziwa yamejaa na hana wa kumpa, na alikufa hivyo. Wazee walisema huyo akiitwa kwa mtoto hatakuja kulinda. Atakuja kunyonyesha.

"Sisi tulinyamaza," Rebeccah alisema. "Tulisema akilia, tutaita tena. Hakulia. Nani angejua?"

Hasira ilimpanda Metrine, akaimeza, maana haikuwa na kazi wakati huo. Alisema huyo senge aletwe.

Elmina alifika kutoka Silibwet kwa pikipiki kabla ya jua kutua, mwanamke wa miaka themanini aliyelowa mpaka kwenye mifupa, na Fancy akaingia nyuma yake. Fancy alisema yeye mambo ya mizimu hayajui na hayapingi, bora tu maziwa yaingie kwa mtoto. Metrine akakamua akiwa amekaa pale pale, kikombe kikapata vijiko vinne. Mtoto alifunga mdomo. Yakamwagika shingoni.

Elmina hakujitetea. Alitazama kile kiti kwa muda, na Metrine akaona kwamba mwanamke yule anamwona aliyekikalia.

"Alinilea mimi," alinong'ona. "Mama alikuwa shambani, huyu ndiye alinibeba. Siku ile ya kurenet nilimuonea huruma. Metrine, mimi naweza kuita. Kufukuza siwezi. Hiyo ni kazi ya mwenye mtoto."

Kwa hiyo Metrine alimweka Chelang'at kifuani tena, ngozi kwa ngozi, akageukia kiti. Alitaka kutukana. Lakini aliyekuwa pale alikuwa mama, na Metrine, ambaye wiki moja tu iliyopita hakujua maana ya neno hilo, sasa alijua.

"Mama," alisema, "asante kwa kumbembeleza. Lakini maziwa yako hayana kitu ndani. Mtoto anakufa na wewe unamshika. Niachie."

Bati lilikuwa limenyamaza. Kiti kilitoa mlio mrefu, kama kinavyolia mtu mwenye magoti mabovu anapoinuka, na baada yake kikasikika kitu ambacho Metrine angeomba asingekisikia maisha yake yote: mwanamke akivuta kamasi, akijizuia, kama anayelilia chini ya shuka ili asiamshe watu. Sauti hiyo ilizunguka kitanda mara mbili. Ikapita mlangoni. Elmina, machozi yakimtiririka, akatia ugoro puani mwa mtoto na kuanza kuita majina, na kwa jina la nne, Tapkurgoi, Chelang'at akapiga chafya mbili mfululizo, akakunja uso, akawa mwekundu, na akalia.

Alilia kama aliyeibiwa siku nane. Metrine akamsogeza, mdomo ukashika, na kwa mara ya kwanza akayasikia maziwa yake mwenyewe yakishuka kooni mwa binti yake, gulu, gulu, mpaka Fancy akageuka kupangusa macho na kusingizia moshi. Asubuhi kliniki waliona uzito umepanda gramu arobaini. Hakulazwa.

Hadithi ingeishia hapo kama ingekuwa hadithi ya wanaume. Lakini mtoto mzima analia. Analia akitaka ziwa, analia akilowa, analia tumbo likijaa hewa, na akifika wiki ya tatu analia alasiri nzima bila sababu ambayo hata Fancy angeweza kuitaja. Alisema ni kawaida, itapungua wiki ya sita ikipita. Akiwa ameshiba, ni msafi na hana joto, mlaze mahali salama, toka nje dakika chache, pumua. Metrine aliitikia. Nepi zilikuwa nane kwa siku, mashavu yamejaa, na yeye alikuwa hajalala zaidi ya saa moja na nusu kwa mkupuo kwa siku kumi na tatu. Kimeli alihamia kitanda cha sebuleni kwa ajili ya zamu yake. Majirani waliacha kusifu.

Alasiri moja Rebeccah alikuwa mazishini na mvua ikamzuia huko. Metrine alimnyonyesha mtoto maziwa yote mawili, akamcheulisha, akambadilisha, akambeba mgongoni, akamtembeza chumbani mpaka miguu ikafa ganzi. Mtoto aliendelea. Saa kumi akamlaza kitandani, akakaa sakafuni na mgongo ukutani, mikono masikioni, macho ameyafumba, na akalia pamoja naye. Alikuwa anampenda mtoto yule kuliko uhai. Pia alikuwa anataka anyamaze, anyamaze tu, kwa njia yoyote.

Aliita kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita jirani juu ya ua.

"Mama Tabutany. Mshike kidogo. Usimnyonyeshe, mshike tu."

Kilio kikakatika katikati. Ukungu ulikuwa umefika dirishani, na chumba kikawa kimya, kimya kizuri, kikubwa, ambacho Metrine alikuwa amesahau kwamba kipo duniani. Alijua anapaswa kufumbua macho. Alisema moyoni dakika tano tu, akalala.