Pigo la Elfu la Evelio Cutiño

Kila Jumapili, baada ya wali na maharage meusi, Yusleidis Cutiño alipanda ngazi ya ubao wa matokeo ya besiboli kwa kicho cha askofu anayepanda mimbari. Kazi yake ilikuwa kutundika mabamba. Mchezaji akiupiga mpira na kufika kituo cha kwanza kwa ustadi wake, Mzee Fermín, mwandishi wa matokeo, aliinua kitambaa cheupe kutoka mezani pake nyuma ya wavu, naye Yusleidis akatundika bamba la PIGO. Akifika kwa sababu mlinzi ameuangusha mpira, kitambaa kilikuwa chekundu na bamba lilikuwa KOSA. Hapo mpigaji hakuhesabiwa kitu. Mji mzima wa kiwanda cha sukari uliuamini ubao ule kuliko saa ya kanisa, ambayo hata hivyo ilikuwa imekufa.

Jumapili hii ilikuwa ya mwisho wa msimu, na ya mwisho kwa baba yake uwanjani. Zamani Evelio Cutiño aliipiga mipira hadi kwenye mashamba ya miwa. Sasa goti lilikuwa limechoka, macho yalichelewa, na msimu mzima alikuwa amepiga hewa kwa bidii ya kupigiwa mfano. Alibakiza pigo moja kutimiza elfu. Waliotimiza elfu walichorwa majina ukutani mwa uwanja kwa rangi ya buluu. Mchoraji alikuwa amekwisha kufika na kopo lake.

"Evelio, babu! Weka gongo, chukua mkongojo!" mtu alipiga kelele jukwaani.

"Mwache, anafukuza nzi!" akadakia mwingine.

Huyo wa kwanza alikuwa na mwana aitwaye Evelio. Mnaweza kukisia alimpa jina la nani.

Katika zamu yake ya mwisho Evelio aliugusa mpira, nao ukabingirika kinyonge kama mlevi anayetafuta mlango wake. Kijana mlinzi akauinamia, akauokota, ukamponyoka kwenye glavu. Evelio akachechemea, akafika.

Macho yote yakageukia ubao. Mzee Fermín hakuwahi kuamua jambo kabla ya kumaliza kahawa yake. Aliinua kikombe taratibu.

Yusleidis akashika bamba la PIGO.

"We! Mzee hajainua kitambaa," alisema Leosdán, mwanafunzi mwenzake aliyemshikia ngazi.

"Atainua cheupe."

"Mpira ule hata bibi yangu angeudaka. Na saa hizi bibi yangu amelala!"

"Nyamaza, Leosdán."

Akalitundika.

Ngoma zikalipuka, sufuria zikagongwa, mchoraji akafungua kopo. Ng'ambo ya uwanja Mzee Fermín alikuwa amesimama peke yake, ameinua kitambaa chekundu. Yusleidis alikiona vizuri sana. Akageuza uso, akapiga makofi.

Lakini baba yake alikuwa amekitazama kitambaa kile miaka yake yote ya uchezaji. Walikuwa wamekwisha kumbeba mabegani. Akaomba ashushwe, akavuka uwanja akichechemea mpaka chini ya ubao.

"Yusleidis, shusha hilo."

"Baba, wote wanashangilia! Nani atajua?"

"Mimi nilikuwepo. Shusha, mwanangu."

Akalishusha, akatundika KOSA. Shangwe ikageuka mizomeo.

"Kumbe humtuma mtoto amwibie mapigo!"

"Binti huyu ana misimu minne juu ya ubao! Mangapi katika hayo ni ya kweli?"

Mchoraji akafunga kopo lake. Mechi ikaisha, na zamu nyingine Evelio hakuipata.

Jumatatu alasiri wanaume walikusanyika katika bustani ya mji kubishana juu ya besiboli, kama walivyofanya tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Evelio alimshika binti yake mkono, akampeleka katikati yao, akamwachia.

"Baba hakunituma," alisema Yusleidis. "Mzee Fermín aliinua chekundu. Nilikiona, nikageuka."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," mmoja alinong'ona. "Na yale mengine?"

"Mengine yote niliyaamua mimi, na ubao niliukagua kila mechi," alijibu Mzee Fermín. "Mwenye ubishi abishane nami."

Hakuna aliyebisha, jambo ambalo halijawahi kutokea katika bustani ile. Hakuna aliyeomba radhi pia. Baada ya kitambo walirudia mabishano yao, wakizungumzia vijana wa msimu ujao.

Njiani kurudi nyumbani Yusleidis aliuliza, "Baba, umekasirika?"

"Sana."

Machozi yalimtoka Yusleidis, wala baba yake hakuyafuta.

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe, lakini nisikilize. Kukosa elfu ni kazi ya goti langu, na goti kuzeeka si aibu. Kilichoniuma ni kwamba jana watu waliyatilia shaka hata mapigo niliyoyatolea jasho misimu yote minne. Uongo haukai peke yake, Yusleidis. Hurudi nyuma ukachafua kila kweli iliyoutangulia. Leo umesafisha ulichoweza. Kilichobaki, wengine watakiamini na wengine hawatakiamini mpaka tufe, na sisi tutawaamkia wote."

Akamwamkia jirani aliyekuwa amekaa barazani. Jirani akaangalia pembeni.

"Ndivyo hivyo," alisema Evelio. "Twende."